Ndoo ya Pumba

Fomani wetu anapenda vitu vikubwa. Kofia yake ni kubwa, sauti yake ndiyo usiseme, na hata futi yake ya kupimia ni ile ndefu ambayo akiifungua watu wanainama. Kwa hiyo skidistia, ile mashine ndogo ya kusombea na kupakia, ilipoletwa saiti na vifaa vyake vya mbele vikapangwa chini ili tuchague cha kufunga, mimi nilishajua macho yake yatatua wapi.

Vilikuwepo vya kila namna: uma wa kubebea paleti, keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo, nyundo ya kuvunjia zege, brashi ya kufagia, ndoo ya meno, na ndoo ya kawaida yenye mdomo bapa, iliyotosha kabisa kwa kazi yetu. Na pembeni peke yake, ndoo moja pana kama beseni la kuogeshea ng'ombe.

"Hiyo," fomani akasema.

"Mzee, hiyo ni ya pumba na maranda. Sisi tunasomba mchanga, na umenyeshewa usiku kucha."

"Kijana, ndoo kubwa, safari chache. Hiyo hesabu hata mtoto anaijua."

Nami nilikuwa na hesabu yangu. Ndani ya kebini kuna kibati kilichoandikwa mzigo halali wa mashine ile: kilo 700. Kwa skidistia za matairi namba hiyo huwa ni nusu tu ya uzito unaoibinua, maana yake ikifika kilo 1,400 mashine inasujudu yenyewe. Ndoo ile ikijaa inachukua robo tatu ya mita ya ujazo, na mchanga mbichi, mita moja ya ujazo, unakaribia kilo 1,900. Fanya mwenyewe. Na hapo hujagusa uzito wa ndoo yenyewe, chuma kitupu, tena iliyochomoza mbele kuliko ile ya kawaida. Nikaanza kumweleza taratibu. Nilipofika kwenye "nusu" alikuwa ameshaniacha, yuko kule anamfokea mtu wa kokoto.

Haya, nikaifunga. Unaingiza bamba la mashine chini ya ukingo wa juu wa ndoo, unaikunja ikae, unashuka, unasukuma leva mbili, kisha unachungulia kwa chini kuona kama pini zote mbili zimetokeza kwenye matundu yake. Zilitokeza vizuri sana. Siku hiyo kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa akili ya mchaguzi.

Nikachota nusu ndoo.

"Jaza! Tumekodi ndoo nzima, hatujakodi nusu!"

Nikajaza, na kichuguu juu. Trela la kupakia lilikuwa mbele yangu, nikaanza kupandisha mikono ya mashine inayobeba ndoo. Wanaoijua mashine hii wanajua kwamba mikono ikifika katikati ndipo inapokuwa imejinyoosha mbele kuliko mahali pengine popote, na ndipo mzigo unapokuwa na hila. Kiti kikaanza kuninyanyua polepole, kwa adabu. Nilikuwa natazama trela, nikajikuta natazama tairi la trela, halafu nikawa natazama tope. Puu! Ndoo ikajikita chini, na magurudumu ya nyuma yakabaki hewani.

"Toka! Ruka!" watu wakapiga kelele.

Nitokee wapi? Mlango wa mashine hii uko mbele, na mbele ndiko kulikokuwa na ndoo, mchanga na aibu. Isitoshe, ukiinua kile chuma cha kukufunga kifuani, mitambo yote inajifunga, mikono haipandi wala haishuki. Nikatulia nikining'inia kwenye mkanda.

Ndipo nikawakumbuka ndugu wawili wa Marekani, Cyril na Louis Keller, waliotengeneza babu wa mashine hii mwaka 1957 ili isombe mavi ya bata mzinga bandani. Ile ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu. Mwaka 1960 ikatoka yenye manne. Sisi, kwa ubunifu wa fomani, tukaipunguza hadi mawili.

"Pandisha mikono, kijana! Pandisha!"

Nikafanya kinyume. Ndoo ikiwa imejikita hivyo, ukishusha mikono inasukuma ardhi, na mkia ndio unaorudi chini. Nikashusha kidogo kidogo, mkia ukarudi kidogo kidogo, mpaka hatua ya mwisho ambapo uliamua kurudi wote kwa mpigo, na meno yangu yakagongana. Nusu ya mchanga ikamwagika njiani.

Fomani akausogelea, akachota kiganjani, akaufinya, akaunusa. "Mchanga huu una kasoro," akasema. "Mzito mno."

Akaamuru nifunge brashi tusafishe njia. Kwa mara ya kwanza alikuwa amechagua kifaa kinachofaa, nikakaribia kumpongeza. Mipira ya haidroliki ya brashi hiyo, inayopitisha oili ya kuizungusha, ilikuwa imeanikwa juani, oili ndani imetanuka, na kapla za kuiunganisha na mashine zikagoma kushikana. Fomani akaenda kuleta nyundo (kubwa, sihitaji kusema). Kabla hajafika nikawa nimeshaitoa presha taratibu, uso nikiuweka kando, na kapla zikaingia kwa kidole.

"Mzee," nikamwambia kabla sijawasha, "hii inarusha mbele. Kaa pembeni."

"Nikikaa pembeni nitasimamiaje?"

Nikawasha, nikaanza kule mwisho, mbali naye. Mchanga mbichi haufagiliki kwa upole. Unatoka kwenye brashi kwa mafungu. Nikamwona anazunguka, anakuja mbele kabisa, mikono kiunoni, kofia juu. Nikarudisha mkono nizime, ila yeye alikuwa ameshafungua kinywa kutoa amri.

Jioni yote ile tulifanya kazi kwa utulivu mkubwa. Yeye alikuwa anatema.