Nilikwenda kusoma uhasibu, nikafundishwa nyota na merikani

Nilipomsomea mama kwa simu masomo ya muhula wangu wa kwanza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Baba, wewe si ulikwenda kusoma uhasibu? Huo unajimu ni wa nini tena, unataka uwe Sheikh Yahya?” Nikamweleza kuwa si unajimu wa kutazamia watu, ni falaki, elimu ya nyota zenyewe. Hakuridhika. Kuhusu somo la pili, Masomo ya Kimarekani, aliuliza swali gumu zaidi: “Kwani Wamarekani hawajijui?”

Kwa asiyejua mambo ya huku, shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120 hivi, na sehemu kubwa ya hizo haigusi fani yako. Mhasibu atasoma historia, mshairi atasoma takwimu, na wengi wetu hatuponi bila somo la sayansi lenye maabara. Mimi nilitoka Pangani na ECA yangu (uchumi, biashara na uhasibu), fizikia niliiaga nilipoingia kidato cha tatu na hatukuwa na deni. Nilikasirika. Ada nilikuwa nalipa kwa zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na nilipopiga hesabu nikaona karibu miezi miwili ya kugeuza wagonjwa kitandani imekwenda kwa Mushtari na Zohali.

Darasa la Marekani niliingia nikitegemea kuimbishwa sifa za bendera. Uraia wa nyumbani ulinizoesha hivyo: alama za taifa, haki na wajibu, mtihani. Wiki ya kwanza mwalimu akatupa hotuba ya Frederick Douglass ya tarehe 5 Julai 1852, aliyoitoa Rochester, New York. Mtu aliyezaliwa mtumwa akatoroka, leo kaalikwa kuzungumzia sikukuu ya uhuru, naye anasimama na kuwauliza wenyeji wake: sikukuu yenu hii inamhusu nini mtumwa? Kijana wa nyuma yangu alikuwa amelala. Mimi niliisoma tena kwenye basi nikapitiliza kituo cha kazini.

Oktoba tukapelekwa Lowell, mji wa viwanda vya nguo vya karne ya 19. Kimojawapo, Boott, sasa ni makumbusho. Wanawasha mashine za kufumia na sakafu nzima inatetemeka mpaka magotini. Mwalimu akaeleza kwa sauti ya juu: pamba ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini, hapa ikafumwa na wasichana waliotoka mashambani, halafu nguo ikauzwa duniani. Duniani wapi, hakutaja. Nikanyoosha mkono.

Nikamwambia kwamba bibi yangu kitambaa kizito kisichopaushwa alikiita merikani, na mpaka siku ile sikuwahi kujiuliza kwa nini. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya jimbo hilihili la Massachusetts, walikuwa wakiileta Unguja kabla hata ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kutoka Unguja majora yalivushwa hadi Bagamoyo na kwetu Pangani, wapagazi wakayabeba hadi Unyanyembe na Ujiji, na huko bara nguo hiyo ndiyo ilikuwa fedha: hongo kwa mtemi ilihesabiwa kwa mikono na doti. Misafara ikirudi pwani ilibeba pembe za ndovu, na nyingi ziliishia kwenye vijiji vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, kuchongwa vibonye vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikaingia mahali pake.

Haya sikuyasoma Lowell. Karibu yote niliyasoma kidato cha pili na cha tatu, kwenye mada ya biashara ya masafa marefu: Wanyamwezi, Wayao, Wakamba, bidhaa zilizoingia, bidhaa zilizotoka. Nguo ilikuwa kwenye orodha pamoja na bunduki na shanga. Nilikariri nikapata alama yangu. Hakuna aliyeniuliza pamba ile ilichumwa na mkono wa nani, na wala mimi sikuuliza. Nusu ya habari ilikuwa Pangani na nusu nyingine Massachusetts. Mwalimu wangu wa huku alikuwa hajui kwamba kuna nusu ya kwetu. Aliniambia niache mada aliyokuwa amenipangia, niandike hiyo.

Falaki ilinianza kwa baridi. Maabara ilikuwa juu ya paa usiku wa Novemba, nami na koti la mtumba lisilofunga zipu. Mwalimu akatuonyesha vinyota vilivyosongamana akaviita Pleiades. Nikacheka peke yangu. Kilimia! Babu yangu, mvuvi ambaye hakukaa darasani hata siku moja, alikuwa nacho kinywani kila mwaka: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota ya jaa (si jaa la takataka, ni ile ya kaskazini) kwetu ni jina tu, maana Pangani iko kusini ya ikweta na yenyewe haichomozi. Manahodha wa majahazi ya Arabuni ndio waliokuwa wakiiona. Hapa nilipo imesimama nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, sawa na latitudo ya mahali, usiku kucha haibanduki.

Kilichoniumbua zaidi ni saa. Disemba huku jua linazama saa kumi na robo jioni. Juni linazama saa mbili na nusu, saa ambayo maisha yangu yote nimeiita ya usiku. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua likichomoza, ni chombo cha watu wa ikweta, na ukikihamishia kaskazini kinavunjika mkononi. Mwalimu alipouliza kwa nini kuna majira ya baridi, darasa karibu zima lilijibu kwamba dunia inakuwa mbali na jua. Kumbe inalikaribia zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na Julai ndiyo iko mbali, milioni 152. Baridi inatokana na mhimili wa dunia kuinama nyuzi 23 na nusu. Mimi jibu hilo sikubishana nalo. Kwetu hakuna theluji ya kunidanganya.

Tulipofika kwenye mashimo meusi, vitu vya angani vyenye mvuto mkali hata mwanga hautoki, nikashtuka. Setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na Wamarekani wenyewe wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukituhumu kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Mwalimu alilipita kwa sentensi moja, tena akalitamka “Yuhuru”. Nilipotafuta zaidi nikakuta kwamba mwanaanga wa Marekani, John Glenn, alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kimojawapo cha vituo vilivyozungumza naye kilikuwa Unguja. Baadhi ya wenyeji walikipinga wakihofia ni cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa mwaka huohuo.

Sasa msinielewe kwamba huku ni peponi. Darasa la falaki lilikuwa ukumbi wa watu wengi, mtihani wa kuchagua herufi, na wenzangu wengi waliliita somo la kuvukia. Wanalinunua, wanatia alama kwenye fomu, wanasahau, na mkopo unabaki. Lakini hata aliyelala amelala mbele ya kitu ambacho siku moja anaweza kukikumbuka. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Ana miaka 18, na tayari wizara, shule na wajomba wameshamwamulia asivyohitaji kuvijua. Akienda chuo ataongezewa somo la maendeleo ambalo marafiki zangu wote waliosoma nyumbani wanalikumbuka kwa kurasa walizokariri usiku wa mtihani.

Mimi ningeridhika na somo moja tu kwa mwaka, la nje ya fani. Mhandisi asome tenzi. Mwanafunzi wa Kiswahili asome anga. Zuhura, Mirihi na Utaridi zimo kwenye kamusi yake tayari, hajaonyeshwa tu ziko wapi. Najua nitaambiwa hakuna vifaa. Anga la Pangani umeme ukikatika linashinda paa lolote la Massachusetts, na umeme unakatika bila ada.

Kazi ya kwanza ya maabara, mwezi ule wa Oktoba kabla ya usiku wa paani, ilikuwa kuchora hilali jioni tatu mfululizo. Jioni ya pili kulikuwa na mawingu, nami nilikuwa na zamu, nikachora ninavyoujua mwezi mchanga: umelala chali kama dau. Nilikatwa alama mbili. Huku umesimama wima, ubavu kulia. Nilimlalamikia mama. Mwezi wa kufuata, saa tano asubuhi yangu, kwao wakati wa Magharibi, alinitumia picha aliyoipiga uani juu ya mnazi. Ilikuwa na ukungu na kidole chake kwenye kona. Chini ameandika: “Mwambie mwalimu wako umelala.”