Kioo Kilichobanduka Kwenye Kioo

Nililikuta gari nilikoliegesha, juani, limetulia, na kile kioo cha kutazamia nyuma kimelala kifudifudi juu ya kiti cha abiria kama mtu aliyesusa. Hakuna aliyekigusa. Kilijiamulia chenyewe. Nilipompigia mke wangu simu na kumwambia kwamba kioo kimeanguka, aliniuliza kwa hofu kama nimekatwa, kwa kuwa alidhani ninazungumzia kioo cha mbele. Nikamfafanulia kwamba kioo ni kizima kabisa, isipokuwa kile kioo kilichogandishwa kwenye kioo ndicho kilichobanduka kwenye kioo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekaa juani kwa muda gani.

Mtu hajui anakitazama kioo hicho mara ngapi mpaka kikosekane. Kwa siku tatu macho yangu yaliendelea kupanda yenyewe kila nilipotaka kupunguza mwendo, na kila yalipopanda yalikutana na doa kavu la gundi lenye ukubwa wa ukucha, ambalo halikuwa na habari yoyote ya kunipa. Vioo vya pembeni nilivitumia, tena kwa bidii. Hata hivyo lazima nikiri kwamba sikumbuki lini niliwahi kuendesha gari kwa raha kama siku zile: barabara yote ilikuwa mbele yangu, na nyuma yangu, kwa kadiri nilivyohusika, hapakuwa na mtu.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa supagluu, ile inayomgandisha mtu vidole kabla hajamaliza kusoma maelezo. Ilishika, nami nikajipongeza. Kesho yake saa saba mchana, nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, kioo kikashuka na kunigonga goti. Jirani yangu, mzee ambaye kila kinachoharibika kwangu kilishawahi kuharibika kwake zamani, alinieleza kwamba supagluu ikikauka huwa ngumu lakini haina subira, na kwamba chuma na kioo havitanuki kwa kiasi kimoja vikipata joto, hivyo gundi isiyoweza kunyumbulika huvutwa huku na kule mpaka ikakata tamaa. "Kijana, kuna gundi yake," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na mimi pia.

Gundi yake, kumbe, huja na mwenzake: kimirija cha gundi yenyewe, na kimiminika cha kuiamsha, kwa maana bila kuamshwa haifanyi kazi, jambo ambalo ninalielewa vizuri. Kwanza nilikwangua mabaki kwa wembe, nikakisugua kwa msasa kile kishikizo cha chuma ambacho kioo huning'inia juu yake, kisha nikafuta kote kwa spiriti. Maelezo yalionya kwamba mahali palipokwisha kusafishwa pasiguswe kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huizuia gundi kushika. Nikapagusa, ili nihakikishe kwamba ni pasafi. Nikafuta upya.

Alama ya mahali pa kugandisha nayo huwekwa upande wa nje wa kioo cha mbele, kwani ukiiweka ndani utaifuta kwa spiriti hiyo hiyo. Kwa hiyo nikawa natoka, naweka nukta kwa makapeni, naingia, naketi, naona kwamba nukta inamfaa dereva mwenye shingo ya twiga, natoka tena. Halafu kile kishikizo, kidude kisichozidi kifungo cha koti, kina juu yake na chini yake, na anayekigandisha kichwa chini atabaki na chuma kilichoshika vizuri na kioo kisichoingia. Nilikigeuza mara nyingi mno mpaka nikaanza kusahau juu ni wapi hata kwa gari lenyewe.

Tone moja tu, kisha kukandamiza kwa sekunde 60. Dakika moja si kitu, mpaka uitumie umejikunja chini ya kioo cha mbele, usukani ukikuchoma mbavu, na pua ikaanza kuwasha kwenye sekunde ya 14. Niliiacha iwashe. Baada ya hapo nikasubiri saa 24 bila kuning'iniza chochote, ingawa nilikwenda kukichungulia kishikizo mara nne, moja kati ya hizo usiku, kwa tochi.

Kimeshika. Nilikaza skrubu, nikatoka barabarani, macho yakapanda kama kawaida yake, na nyuma yangu nikaona msururu mrefu wa magari, la kwanza likiwasha na kuzima taa, dereva wake akinieleza jambo kwa mikono yote miwili. Sijui walikuwa wamenifuata tangu siku gani. Kioo hicho kina kijiti chini yake, cha kupunguzia mwanga wa usiku, ambacho ukikisukuma huinamisha kioo ili uone ile asilimia 4 tu ya mwanga inayorudishwa na uso wake wa mbele. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikakisukuma, wakafifia wote.