Somo Lisilo na Bei

Asubuhi hii nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, hapa Leeds, nimefungua LinkedIn, mtandao wa watu wa maofisini na wanaotafuta kazi, nikakutana na meneja mmoja aliyeandika kwamba bintiye wa miaka 6 ameuza juisi ya ndimu mbele ya nyumba, na yeye baba mtu akajifunza hapo mambo 5 kuhusu uongozi. Kila sentensi na mstari wake. Mtandao ule huonyesha mistari michache ya mwanzo, mengine mpaka ubonyeze, ndiyo maana watu wamezoea kuanza na mshtuko: "Leo nimemfukuza mtu kazi." Unabonyeza, unakuta ni habari za unyenyekevu.

Nimekereka. Juisi iliuzwa bei gani? Sukari alinunua nani? Miaka 9 niliyokaa Uingereza nimesoma mamia ya masomo ya aina hii, na sikumbuki hata moja lililotaja deni.

Mama mdogo wangu alikuwa na meza ya viungo soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Lilipoungua usiku ule wa tarehe 10 Julai 2021, nilimpigia kulipokucha. Hakuniambia amejifunza nini. Aliniambia, "Mwanangu, mle ndani mlikuwa na mzigo wa watu wa milioni 3 na laki 2. Wangu mimi ni wa laki 8 tu." Akanitajia wanaomdai, mmoja mmoja. Mali kauli yote, hakuna karatasi. Wiki iliyofuata mzee wa iliki alimfuata nyumbani na kiroba kingine, kabla hata ya kuzungumzia deni la kwanza. Mama mdogo alimaliza kumlipa 2024. Mimi biashara nimeijulia hapo.

Najua mtasema nimekula baridi nikajiona. Mtasema huku mikopo ina mikataba inayosomeka, na ni kweli, naishukuru hali hiyo: sijawahi kuona jirani yangu hapa akibebewa friji na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonya. Wala sisemi Kariakoo ni peponi, niliondoka kwa sababu mnazozijua. Lakini kutaja hesabu tulikuwa nako sisi, na ndiko tunakokutupa! Vijana wa Dar sasa wanaandika vilevile, kwa Kiingereza, eti nilianguka mara 3 nikasimama mara 4. Ulianguka wapi, mdogo wangu? Kilemba cha fremu, ile hela ya kuachiwa chumba cha duka, kilikuwa shilingi ngapi?

Wiki iliyopita nilimwuliza mmoja wao swali hilo faraghani. Alinijibu usiku, kwa Kiswahili, ujumbe mrefu: kilemba milioni 6, winga, yaani dalali, aliyepotea na hela ya mzigo, mkopo uliokula mpaka pikipiki ya kaka yake. Niliusoma mara 2. Nikamsihi aandike hayohayo hadharani, kama alivyoniandikia mimi.

Amesema akiyaandika, hakuna atakayempa kazi.