Nusu Saa Inayopotea Shimoni

Taja GPS, kifaa kinachorekodi gari liko wapi na saa ngapi, mbele ya madereva wa matipa kwenye saiti yoyote ya Mtwara, na jibu la haraka ni kwamba tajiri anataka kuwachunga. Nawaelewa. Ila naona wanakiogopa kifaa ambacho kingewatetea.

Chukua umwagaji wa kifusi kwenye barabara kama ya Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160. Tuseme shimo linakochimbwa kifusi liko kilomita 12 kutoka panapomwagwa, na tipa linatembea kilomita 30 kwa saa. Kwenda na kurudi ni dakika 48. Kupakia na kumwaga, weka 12. Hiyo ni saa moja kwa tripu, tripu tisa kwa siku ya saa tisa. Jioni nyapara anahesabu tripu sita. Wa kulaumiwa ni dereva, nani mwingine? Daftari lina idadi na saa, halina mahali, na pengo hilo hujazwa kwa neno "uvivu".

Sasa unganisha mahali na saa, kama GPS inavyofanya. Kila tripu imekula dakika 90, lakini njiani tipa limetumia dakika 48 zilezile. Zile 30 zilizozidi zimeishia shimoni, kwenye foleni, kwa kuwa ekskaveta, mashine inayochimba na kupakia, ni moja na matipa ni mengi. Ramani peke yake isingeonyesha hilo, maana njia haikubadilika. Saa peke yake ingemsingizia mtu. Dakika 30 mara sita ni saa tatu, kwa tipa moja, kila siku! Na huku kusini mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Zikishaanza, udongo uliolowa haushindiliki vizuri. Saa tatu za Agosti huwezi kuzifidia Januari.

Hofu ina msingi wake. Takwimu hizohizo zinaweza kumkata posho aliyekwenda kuswali, na alama kwenye ramani haisemi kama tipa limesimama kwa pancha au kwa kukosa dizeli. Lazima dereva aulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani.

Kwa hiyo zifuatiliwe mashine, si simu za vibarua, na mchoro wa kila siku ubandikwe pale madereva wanapokunywa chai. Dereva anayeziona dakika zake 30 za foleni ana hoja mkononi ya kudai ekskaveta ya pili.