Wamekosea mita 300 tu

Jumatatu nimepita na boda kule nyuma ya Mokowe, Lamu bara, nikaliona lile bango la hafla ya kupanda mikoko bado limesimama, rangi imekwaruzika kidogo tu, na chini yake hakuna hata mche mmoja ulio hai. Nikamwambia kijana asimamishe, nikashuka nikaanza kuhesabu vijiti, nilipopita mia nikachoka, jua la Februari si mwalijua. Vijiti vyeusi, ukivigusa tak, vimekatika. Na udongo umeshika ganda jeupe la chumvi, ukilikanyaga linapasuka kama mkate wa mofa wa juzi.

Hafla yenyewe mnaikumbuka. Mwisho wa Novemba, hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, spika, droni inazunguka juu kama kozi anayetafuta kifaranga, na zile tisheti za kijani ambazo sasa hivi nusu ya watu wa boda ndio wanazivaa. Kila mgeni akapewa mche wake wa mkoko, akachimbiwa shimo, akapigwa picha, akapewa soda. Sitawataja, wanajijua.

Mimi nina swali moja tu, ningeliuliza siku ile kama ningepewa maikrofoni. Pale kabla hamjaja palikuwa na nini? Hapakuwa na kitu! Hata jani. Sasa katika pwani hii ambayo mikoko inaota mpaka inaziba njia ya mashua, kipande kile peke yake kiko wazi kama upara, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini? Nyie mkaona nafasi. Tena nafasi nzuri, gari inafika, kiatu hakiingii tope.

Nikampelekea ami yangu picha kwenye simu, mzee aliyekata boriti za mikoko kule Mkanda tangu mimi sijazaliwa. Akaivuta kwa vidole, akatazama, akasema, "Hapa ni kwa mchu, mwanangu, na hata huo mchu utaota kwa shida. Mkoko umeletwa hapa kuuliwa." Akanirudishia simu akaendelea na kahawa yake. Sekunde kumi hivi, na posho hakulipwa.

Manake sisi yote twaiita mikoko, lakini ni miti mbalimbali, mkoko wenyewe ni mmoja tu kati yao, na yeye anajua kila mti na kwao. Mlilana uko mbele kabisa, ndio unaopokea mawimbi. Nyuma yake mkoko, kwenye tope laini ambalo maji yanalifunika karibu kila siku. Ukizidi kupanda unakutana na muia, mkandaa, halafu kule mwisho mchu, ingawa mchu ni mtukutu, hata mbele utaukuta. Sasa pale walipopanda wao maji yanafika wakati wa bamvua peke yake, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yaani mara mbili kwa mwezi, yakirudi yanaacha chumvi, jua linakausha, bamvua ya pili inaongeza nyingine juu yake, na kuanzia Januari mpaka Machi kaskazi inavuma na mvua ya kuiosha hakuna, mpaka chumvi ya ule udongo inaipita ya bahari yenyewe. Mchu unastahimili kwa sababu unaitoa chumvi kwenye majani, hebu lamba jani lake asubuhi uone. Mkoko hauna ufundi huo, wenyewe unajitahidi kuizuia chumvi huko huko mizizini, na ikizidi unashindwa. Na siku ya hafla, kama bahati, ilikuwa bamvua! Maji yakaja mpaka kwenye miguu ya viti, watu wakapiga makofi, mahali pazuri hapa. Wiki ya pili maji mafu, bahari haifiki tena pale, na mazishi yakaanza kimya kimya.

Mtu atasema huyu anapiga kelele kwa sababu ya vijiti. Sawa. Lakini Lamu yenyewe imesimama juu ya vijiti hivyo hivyo. Majahazi ya Waarabu yalikuwa yanashuka na kaskazi na kurudi na kusi yamejaa boriti zetu, mnadhani kwa nini? Kule kwao Ghuba mti unaoota ni mchu, ndio unaoweza baridi yao na chumvi yao (mchu huo huo utaukuta Sinai, utaukuta mpaka kusini mwa Australia), lakini mfupi, umejikunja, dari huwezi kuuezekea. Mkoko ulionyooka unataka joto lisilokatika na tope kama letu. Basi wakaja kununua. Na ukiingia nyumba ya kale, iwe Lamu iwe kule kwao, vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ndio urefu wa boriti. Hali ya hewa imewapimia watu vyumba vya kulala! Biashara ikaenda hivyo mpaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka nje.

Mpwa wangu yuko shule, juzi anakariri kwa sauti, hali ya hewa huamua viumbe wanaishi wapi, hali ya hewa huamua viumbe wanaishi wapi. Nikamuuliza, kwa mfano? Akanijibu dubu mweupe na barafu. Mtoto wa Lamu! Binamu yangu naye alipanda mnazi uani kwake Nairobi, miaka inakwenda, anaumwagilia, anaupigia picha, dafu hajaliona. Baridi ya kule mnazi hauiwezi, angeuliza bibi yake angeokoa maji.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Kina mama wa kitalu walilipwa miche yao, na hiyo ni ada ya shule ya mtu, siwezi kuitukana. Na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo kaunti wamepata sahihi. Wamekosea mita 300 tu.

Lakini hizo mita 300 za kusogea baharini ndizo kila kitu. Na pengine hata kupanda hakukuhitajika, manake hatua chache kutoka kwenye bango kuna mfereji uliozibwa na kifusi cha barabara, ukizibuliwa maji yakapita, mbegu za mkoko zinaanguka zenyewe, zinaelea, zinajichomeka zinapopapenda, bila tisheti. Ila kuzibua mfereji hakuna picha.

Jana kina mama wameambiwa watayarishe miche mingine, awamu ya pili, mahali ni pale pale. Nikaenda kumwambia ami. Akaniuliza tarehe, nikamtajia, akahesabu mwezi kwenye vidole vyake polepole.

"Bamvua tena," akasema.