Siku 83 zinazochekwa
Kijana mmoja daktari, mkazi wa Mbagala, anataka kusomea ubingwa wa mishipa ya fahamu na kujikita kwenye ugonjwa wa niuroni za mwendo, yaani kufa kwa neva zinazoamrisha misuli. Mkuu wake wa kazi, mtu mzima anayeheshimika, alimwuliza mbele yetu: "Kijana wangu, wodi imejaa kiharusi, wewe unakwenda kutafuta ugonjwa wa Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza?" Tulicheka. Baadaye nikaona tulicheka haraka mno.

Mzee ana hoja. Mabingwa wa fani hii nchini ni wachache. Kiharusi kingi huzuilika kwa vidonge vya presha, na kifafa cha wengi hutulizwa kwa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo kabisa. Ugonjwa wa kijana huyu, Ulaya, huleta wagonjwa wapya kama 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, hauna tiba, na nusu yao hufariki ndani ya miaka 3 hivi tangu dalili za mwanzo.

Lakini hesabu hiyo inaanza pale ambapo ugonjwa umeshajulikana. Namkumbuka mama muuza chapati wa Buguruni ambaye vidole vilianza kushindwa kukata donge. Kinyama kati ya gumba na kidole cha shahada kilikuwa kimebonyea, na chini ya ngozi ya mkono misuli ikichezacheza yenyewe. Majirani walishasema katupiwa jini. Alichuliwa, akachanjwa chale, akanywa dawa za baridi yabisi, mwaka ukaisha. Anayeujua ugonjwa huu humwambia atoe ulimi, anautazama kama nao unachezacheza, kisha anatafuta vinavyofanana nao: uti wa mgongo uliobanwa shingoni, ambao hufanyiwa upasuaji, au VVU. Wapo wagonjwa wa VVU waliokuja na dalili hizihizi wakapata nafuu walipoanza ARV, na ARV kwetu ni bure. Asiyeujua ndiye atakayewaambia hao nao kwamba hakuna tiba.

Sasa zile siku 83. Katika majaribio ya riluzoli, dawa ya ugonjwa huu, yaliyochapishwa mwaka 1994, muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, ulikuwa siku 532 kwa waliopewa dawa na siku 449 kwa wasiopewa. Watu huitaja tofauti hiyo kama kejeli: dawa gani hii ya miezi mitatu kasoro? Mimi naihesabu kwa namna nyingine. Hizo ni siku za kufunga za Ramadhani mbili na ushee. Mtu anawahi kubadilisha hati ya kiwanja, anamwona bintiye akiolewa. Na baada ya miezi 12, katika kila 100 walikuwa hai 74 upande wa dawa, 58 upande wa pili. Kisha Uingereza, 2006: mashine ya kusaidia kupumua, barakoa tu ya kuvaa usiku, iliwaongezea siku 205 wale ambao misuli ya koo lao haikuwa imelegea sana. Hapo lazima nimpe mzee haki yake. Barakoa inakula umeme, na umeme wa mitaa yetu tunaujua.

Upande wa utafiti simpi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walikakamaa miguu ghafla. Mtaalamu wa neva William Howlett na wenzake waliwachunguza, wakachapisha mwaka 1990: konzo, ugonjwa wa niuroni za juu za mwendo, zile zinazoanzia ubongoni. Si ule wa Hawking, kwani konzo hauendelei kula mwili. Utafiti huo na uliotangulia wa Msumbiji ulielekeza kidole kwenye sianidi ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Ingeandikwa "kupooza" tu, nani angeuliza walikula nini? Na kwa ugonjwa wa Hawking, leo ipo dawa ya tofaseni, iliyoidhinishwa Marekani 2023, kwa wenye hitilafu ya jeni SOD1 pekee. Nani amewapima watu wa Temeke?

Juzi kijana alituonyesha daftari lake la kaunta: herufi za majina, mwezi ambao mkono ulianza kulegea, VVU kapimwa au la, chakula kikuu cha nyumbani. Kurasa nyingi bado tupu. Mzee alilipekua kimya, akavua miwani, akauliza kwa nini hakuweka safu ya kazi wanazofanya.