San Sebastián: Meza ya Nyota Tatu au Kaunta ya Baa?

Mgeni mwenye siku mbili tu San Sebastián, mji wa Wabaski kaskazini mwa Hispania ambao wenyewe wanauita Donostia, anakutana na swali hili kabla hajakata tiketi. Aweke nafasi katika mgahawa mmoja mkubwa, alipe zaidi ya euro 200 kwa mlo mmoja? Au fedha hiyo aitawanye katika baa za Mji Mkongwe, ale amesimama, kipande hapa kipande pale? Ushauri unaosikika sana ni kwamba baa zinatosha, na migahawa yenye nyota za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa na kutoa nyota tatu kama daraja la juu kabisa, waachiwe wanaopenda kujionyesha. Nusu ya ushauri huo naikubali. Nusu nyingine inauonea mji.

Hapa nyota hazikuletwa na wawekezaji kutoka nje. Nyumba ya mgahawa wa Arzak ilijengwa mwaka 1897 na babu na bibi wa mpishi Juan Mari Arzak, na ilikuwa kilabu cha mvinyo. Mama yake akaja kuifanya mahali pa kula, kisha Juan Mari akaichukua. Mwaka 1976 yeye na Pedro Subijana, mpishi wa mgahawa wa Akelarre, baada ya kukutana na mpishi Mfaransa Paul Bocuse na kwenda kwake Lyon kujionea kazi, waliwakusanya wenzao wakaanza kulitazama upya jiko la Kibaski: yapi yamepotea, yapi yanapikwa vibaya kwa mazoea, yapi mapya yanaweza kuzaliwa kutokana na samaki wale wale na pilipili zile zile. Arzak ilipata nyota ya tatu ya Michelin mwaka 1989 na haijaipoteza tangu hapo. Leo anayeongoza jiko ni Elena, binti wa Juan Mari, kizazi cha nne. Akelarre nayo ina tatu, na kilomita chache nje ya mji, Lasarte-Oria, mpishi Martín Berasategui ana tatu nyingine. Mji wenyewe haujafikisha watu 200,000.

Ufundi huo haukubaki kwenye meza zenye vitambaa vyeupe. Ulishuka hadi barabarani. Ingia baa ya La Cuchara de San Telmo au Borda Berri uone: sahani ndogo inapikwa ulipoagiza, nyama ya shavu la ng'ombe iliyochemka kwa saa nyingi mpaka inakatika kwa uma, na bei yake inalipika na mtu wa kawaida. Kwa hiyo anayesifu baa huku akizidharau nyota anasifu tawi na kulilaani shina.

Hata hivyo, baa zina kitu ambacho meza haina. Pintxo, kile kitafunio kinachochomwa kijiti, kinakupa uhuru wa kukosea. Umeonja gilda, yaani zeituni, pilipili ya kusindika na anchovi wa chumvi kwenye kijiti kimoja, ukaiona kali mno? Umepoteza euro chache, unasogea mlango wa pili. Barabara ya 31 de Agosto peke yake (jina linakumbuka siku ya mwaka 1813 mji ulipoporwa na kuchomwa moto na majeshi ya Waingereza na Wareno, barabara hii ikasalimika) inatosha kwa jioni nzima, ukimalizia La Viña kwa ile keki ya jibini iliyoungua juu ambayo sasa inaigwa dunia nzima. Ganbara wanakupa uyoga wa kukaanga wenye kiini cha yai mbichi katikati. Katika meza ya nyota, menyu ya kuonja, yaani mfululizo wa sahani ndogo aliopanga mpishi, ikishaanza, umekwisha kujikabidhi.

Tatizo ni kwamba baa inadai maarifa. Mgeni asiyejua huvutiwa na vile vilivyopangwa kaunta, akajaza sahani, akashiba mkate mahali pamoja. Wenyeji hula kimoja au viwili kisha wanahama, na vya moto huagizwa kutoka ubaoni. Ukiyajua hayo, baa inakupa karamu. Usipoyajua, utaondoka ukisema sifa za mji zimetiwa chumvi.

Kuna jambo jingine, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, wa Zanzibar, Mombasa au Muscat, ni zito kuliko bei. Jiko la baa limejaa nguruwe: jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, imening'inia juu ya kaunta, imo ndani ya kroketi, na mvinyo unaingia kwenye mchuzi bila kutajwa. Katika msongamano wa saa tatu usiku mhudumu hana nafasi ya kukueleza kila kitu. Mgahawa mkubwa unauliza mapema, unapoweka nafasi, usichokula ni kipi, na jiko lina muda wa kukupangia samaki na mboga. Hapo ndipo mlaji anaweza kukutana kwa utulivu na kokotxas, ile nyama laini ya chini ya taya la samaki aina ya merluza, katika pil-pil: mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, chombo kikitikiswa taratibu mpaka utomvu wa samaki unayashika mafuta yanakuwa mchuzi mzito. Kwa mlaji huyo ningesema wazi: lipa, ukaketi.

Hoja kwamba baa ndiyo "chakula halisi cha wenyeji" hainishawishi sana. Uhalisi wa ndani kabisa umo katika vyama vya kupika, txoko, ambako wanachama wenye funguo hukutana kupikiana, na mgeni haingii ila amealikwa. Kaunta na meza, vyote viwili, ni sebule.

Kwa mtu asiye na mwiko wa chakula na mwenye fungu la mlo mmoja mkubwa tu, bado ningechagua baa usiku zote mbili, kwa sababu aina anazokutana nazo ni nyingi zaidi. Ila aende amejiandaa. Bar Nestor hupika tortilla moja mchana na moja jioni, na vipande huisha kwa orodha. Afike saa sita mchana aandikishe jina, kisha atembee ufukweni La Concha mpaka saa saba.